Je, wajua kwa nini mgonjwa wa presha huacha dawa siku anapojisikia mzima?

Mtu hupimwa, akaambiwa shinikizo lake la damu limefika 160 kwa 100, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, akavimeza kwa bidii mwezi mzima, kisha akaviweka kabatini kwa sababu kichwa hakimuumi tena. Ndugu zake watasema ni mkaidi, na mhudumu wa kliniki atadhani hakuelewa maelekezo. Mara nyingi wote wawili wamekosea, kwa kuwa mgonjwa huyo ameelewa, ila ameelewa kwa namna yake mwenyewe, na namna hiyo ina mantiki.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Leventhal, alieleza kwamba kila anayeugua hujijengea maelezo yake ya maradhi: yana jina na dalili gani, yametokana na nini, yatadumu kwa muda gani, yataleta madhara gani na yanadhibitiwa vipi. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa shinikizo la damu, na waliyoyakuta yanachekesha kidogo ukiyatafakari. Wengi walikubali kwamba watu hawawezi kuhisi shinikizo lao linapopanda, lakini walipoulizwa kuhusu nafsi zao, wengi hao hao walishikilia kwamba wao wanaweza. Tena waliouona ugonjwa wao kuwa wa kuja na kuondoka, kama mafua, ndio walioelekea zaidi kuyaacha matibabu.

Katika Kiswahili tatizo hili huanza na jina lenyewe. "Presha" ni ile inayosomwa kwenye mashine, na "presha" vilevile ni ile ya mama anayelalamika kwamba watoto wanampa presha, au ya shabiki ambaye timu yake imefungwa dakika ya mwisho. Anayeambiwa "una presha" husikia maana zote mbili kwa pamoja, na hiyo ya pili ndiyo aliyoizoea tangu utotoni, kwa hiyo huhitimisha kwamba ugonjwa wake ni wa mawazo na kwamba mawazo yakiisha, nao umekwisha. Wala si sisi peke yetu: mwaka 1980 Dan Blumhagen aliandika kuhusu wagonjwa wa Seattle, Marekani, ambao jina la kitabibu la ugonjwa huo, "hypertension", lenye neno la Kiingereza la mkazo, "tension", ndani yake, liliwafanya waamini kwamba wanaugua mkazo uliozidi.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haing'oki kwa urahisi. Mtu akishtuka au akigombana, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio na shinikizo hupanda kweli, kisha hushuka anapotulia. Ugonjwa ni jambo jingine: ni shinikizo linalobaki 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hata mtu akiwa ameketi kwa utulivu, huku likiumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana hali hiyo, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanayo. Laiti ingekuwa inauma, wasiojua wasingekuwa wengi kiasi hicho.

Dawa nazo humhadaa mgonjwa. Amlodipini, mojawapo ya zinazotumika sana, hukaa mwilini kwa muda mrefu, kiasi kwamba anayeruka kidonge siku moja au mbili huenda asione tofauti yoyote hata kwenye mashine, naye hujifunza kutokana na jaribio hilo kwamba kumbe dawa haikuwa na kazi. Kwa upande mwingine, madhara ya dawa huonekana waziwazi: miguu kuvimba kwa amlodipini, kikohozi kikavu kwa kaptoprili, na vidonge vya kukojoza ambavyo msafiri wa basi ana sababu nzuri ya kuviogopa. Mtu aliyekuwa haumwi popote hujikuta anaumwa kwa sababu ya tiba. Nionavyo mimi, anayemwita huyu mzembe hajapata kumeza vidonge hivyo, na hapo hatujagusa gharama yake.

Kwa hiyo kurudia "usiache dawa" hakutoshi, maana amri hiyo haigusi hesabu anayoipiga mgonjwa kichwani. Swali lenye manufaa zaidi kliniki ni hili: "Wewe hujuaje kwamba presha yako imepanda?" Akijibu kwamba huhisi kisogo kizito, apimwe siku ambayo kisogo ni kizito na siku ambayo ni chepesi, namba ziandikwe kwenye daftari lake mwenyewe, kisha azilinganishe kwa macho yake.