Mtoto amekunywa dawa ya kuulia vijidudu: usimtapishe

Benzalkoniamu kloraidi ni kitu gani?
Ni kemikali inayoua vijidudu katika dawa hizo: chumvi ya amoniamu ya kikaboni, yenye chaji chanya inayoinasa kwenye utando wa bakteria na mkia mrefu unaoupasua utando huo. Imo katika dawa nyingi za kupigia deki, katika baadhi ya vitakasa mikono visivyo na spiriti na, kwa kiasi kidogo mno, katika matone ya macho.

Je, niichanganye na sabuni ili iwe kali zaidi?
Hapana, kwa sababu sabuni ya kawaida huidhoofisha. Osha kwanza, suuza, kisha paka dawa.

Mtoto ameinywa. Nimtapishe?
Usimtapishe. Dawa isiyozimuliwa huunguza mdomo na koo inaposhuka, na ukimtapisha itaunguza tena inapopanda, huku povu lake likiweza kuingia mapafuni. Usimtie kidole kooni, wala usimpe maji ya chumvi, ambayo yenyewe yanaweza kumuua mtoto mdogo.

Na maziwa, mafuta ya kula au mkaa uliotwangwa?
Hapana. Hospitalini nimepokea watoto wenye midomo myeusi kwa masizi ya jiko, mama akisimulia kwa fahari alivyowanywesha maziwa kikombe baada ya kikombe. Maziwa hayaondoi sumu. Yakijaa tumboni huleta kutapika kulekule tunakokukataza. Msukutue kwa maji, mvue nguo zilizolowa, kisha mleteni hospitalini.

Ametapika mwenyewe na sasa anacheza. Tusubiri asubuhi?
Msisubiri. Uvimbe wa koo unaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, na mtoto anayetoa udenda, anayekataa kumeza au aliyebadilika sauti tayari yumo hatarini. Hakuna dawa maalumu ya kuitangua sumu hii. Tunachoweza ni kulinda njia ya hewa, kazi ambayo ni rahisi zaidi koo likiwa bado wazi. Msisubiri hata kama anacheka.

Ikimwingia machoni?
Mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mlete.

Nije na nini?
Njoo na chupa yenye lebo, ili tujue ukali wa dawa. Tatizo ni kwamba mara nyingi ninaletewa chupa ya soda, kwa sababu dawa ilinunuliwa ya kupimiwa, ikawekwa chini ya meza, na mtoto akaitambua chupa kabla ya kuitambua dawa. Tafadhali, acheni kabisa kuihifadhi humo.