Herufi Moja ya Selimundu: Dhana Potofu Kuhusu Jeni na Protini

Mwanafunzi wa kidato cha nne ukimuuliza jeni ni nini, atakujibu kwa kukariri: ni sehemu ya DNA inayobeba taarifa za urithi. Mwongezee swali la pili: taarifa za kufanya nini? Hapo macho hupanda darini. Simlaumu. Mimi nilifaulu baiolojia na cheti ninacho, lakini swali hilo nilikuja kulielewa baadaye sana, nilipoanza kulifundisha.

Jibu fupi ni kwamba jeni ya protini ni maelekezo ya kuunganisha asidi amino, yaani viungo vinavyounda protini, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio maalumu. Jibu refu limezungukwa na mengi yasiyo kweli, mengine ya mtaani, mengine yametoka kwenye madaftari yetu wenyewe. Nitayapitia nikiwa nimeshika mfano mmoja, selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Familia nyingi kuanzia pwani hadi Ziwa Victoria zinaujua ugonjwa huu, na ndio wa kwanza ambao wanasayansi waliufuatilia hadi kwenye kiungo kimoja cha protini.

"DNA ndiyo inayotengeneza protini"

DNA haijengi protini. Imekaa ndani ya kiini cha seli kama wosia uliofungiwa kabatini, na kinachotoka nje ni nakala. Protini ikihitajika, sehemu inayohusika inanukuliwa kwenye RNA mjumbe, nakala hiyo inatoka kwenye kiini, na ribosomu, mtambo mdogo wa seli wa kujenga protini, huisoma huku ikiunganisha asidi amino. Hatua ya kwanza tunaiita unukuzi, ya pili tafsiri, na majina hayo yamechaguliwa vizuri kuliko tunavyoyafundisha. Anayenukuu habadilishi lugha; herufi nne za DNA (A, T, G na C) zinabaki nne, isipokuwa T hugeuka U. Anayetafsiri anahama lugha kabisa, kutoka herufi nne kwenda asidi amino 20, na lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo ni RNA nyingine ndogo, upande mmoja inatambua herufi tatu, upande wa pili imebeba asidi amino moja.

Ukitaka ushahidi kwamba DNA yenyewe haipo kiwandani, umo kwenye damu yako sasa hivi. Chembe nyekundu inapokomaa kwenye uboho hutupa kiini chake chote, pamoja na DNA. Lakini kwa siku moja mbili baada ya hapo bado inatengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa sababu nakala za RNA na ribosomu zimebaki ndani. Seli isiyo na jeni hata moja ya himoglobini, na kazi inaendelea! Kisha nakala nazo zinakwisha, na chembe inaishi siku takriban 120 kwa himoglobini iliyokwisha kujiwekea.

(Ndiyo maana vipimo vya vinasaba vya damu hutumia chembe nyeupe. Chembe nyekundu iliyokomaa haina cha kupimwa.)

"Herufi moja haiwezi kuua mtu", na ndugu yake, "kosa lolote kwenye DNA ni balaa"

Dhana hizi mbili zinapingana, na bado nimewahi kuzisikia kutoka kwa mtu mmoja ndani ya mazungumzo mamoja.

Ribosomu husoma herufi tatu tatu, bila nafasi kati ya neno na neno. Kiswahili kimetujalia maneno ya herufi tatu, basi chukua sentensi hii: MTU AUA MBU. Badilisha herufi moja iwe MTI AUA MBU. Bado ni sentensi safi, mwenye mwarobaini uani atakuunga mkono, lakini maana imehama. Sasa, badala ya kubadilisha, ifute T na usome tatu tatu kama kawaida: MUA UAM BU. Ukishamaliza kushangaa huo mua umetoka wapi, kilichobaki hakisomeki hadi mwisho. Seli hukutana na makosa ya aina zote mbili. Selimundu ni la aina ya mtu na mti.

Jeni yenyewe ni ya beta-globini, mmojawapo wa minyororo inayounda himoglobini, na iko kwenye kromosomu ya 11. Kwenye neno la sita, panapotakiwa GAG, pameandikwa GTG. Kwa hiyo mahali pa asidi glutamiki panawekwa valini. Viungo vingine 145 vya mnyororo ule viko sawasawa kabisa. (Ukikuta kitabu kinasema ni neno la saba, hakijakosea: asidi amino ya kwanza kabisa hukatwa baada ya tafsiri, na wengine huihesabu.)

Asidi glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji. Valini inayakimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inatafuta pa kujificha na kupata kishimo kwenye himoglobini jirani. Jirani naye ananasa mwingine, na mwingine, mpaka ndani ya chembe panajengeka nyuzi ndefu ngumu. Chembe iliyokuwa laini kama andazi inajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yale ambayo mgonjwa anashindwa kuyaeleza yameanzia hapo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti kwenye umeme. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, Vernon Ingram akiwa Cambridge aliikatakata protini ile na kukuta tofauti iko kwenye kipande kimoja tu. Baada ya muda mfupi akaonyesha ni asidi amino moja.

Basi herufi moja inaweza kuua. Lakini rudi kwenye neno lilelile, GAG, ubadilishe herufi ya mwisho iwe GAA. Hakuna kitakachotokea, kwa sababu GAA nayo inamaanisha asidi glutamiki. Ni visawe. Maneno yote ya herufi tatu ni 64. Matatu ni ya kusema "acha hapo", na 61 yaliyobaki yanagawana asidi amino 20, hivyo visawe ni vingi. Ukibadilisha herufi ya kwanza ipatikane AAG, inaingia lisini, nayo ni himoglobini C inayojulikana Afrika Magharibi, ambayo madhara yake ni mepesi kuliko ya selimundu. Neno moja, na kosa la herufi moja linaweza kuleta ugonjwa mkali, ugonjwa hafifu au kutoleta kitu. Mwanafunzi anayeniuliza "makosa mangapi?" huwa namrudishia: "Wapi, na limegeuka nini?"

"Ukiwa na AS, jeni ya ugonjwa imelala"

Hii ni yetu walimu. Tunasema jeni moja ni tawala na nyingine ni fiche, tunachora mraba wa kurithisha, kengele inalia. Mtoto anaondoka akiamini kwamba jeni fiche imefungwa mdomo na ile tawala.

Haijafungwa. Mtu mwenye AS, yaani jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), ana jeni zote mbili zinazonukuliwa na kutafsiriwa, na ukiipima damu yake utakuta himoglobini za aina zote mbili, ile ya S ikiwa karibu asilimia 35 hadi 40. Hana ugonjwa kwa sababu himoglobini ya kawaida iliyochanganyika humo inazuia nyuzi zisijengeke kwa urahisi. "Fiche" ni neno la kueleza hali ya mwili wa mtu. Halisemi lolote kuhusu kama jeni inasomwa.

Na kwa kuwa S inasomwa, ina athari. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba wabebaji wa S walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi ambako mbu wa malaria ni adimu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jeni iliyolala isingeweza kumzuia mdudu wa malaria.

Hapohapo niseme na lile la kumlaumu mama. Mtoto wa SS amepokea S mbili, moja ya mama na moja ya baba. Hesabu haina namna nyingine.

"Alizaliwa mzima, ugonjwa umeingia baadaye"

Wazazi wengi wanasimulia hivyo na hawadanganyi, ndivyo walivyoona. Mtoto ananyonya vizuri miezi kadhaa, halafu vidole na viganja vinavimba, analia usiku kucha. Lawama huangukia chanjo, jicho la jirani, au uji wa kwanza aliopewa.

Kilichotokea ni ratiba ya jeni. Mtoto tumboni hatumii beta-globini kwa wingi; himoglobini yake imejengwa kwa jeni nyingine, ya gama-globini, isiyo na kosa lile. Baada ya kuzaliwa, gama inapunguzwa taratibu na beta inachukua nafasi. Karibu na mwezi wa sita himoglobini kubwa mwilini ni ya beta, na herufi iliyokuwepo tangu siku ya kutungwa mimba sasa ndiyo inatafsiriwa kwa wingi.

Hapa inaanguka na dhana nyingine, kwamba kila seli ina jeni za kazi yake tu. Seli za ngozi yako, za ini, za ubongo, zote zinayo jeni ya beta-globini pamoja na jeni nyingine takriban 20,000 za protini. Hazitengenezi himoglobini kwa sababu kwao ukurasa huo haufunguliwi. Anayeamua ukurasa upi ufunguliwe, wapi na lini, ni protini nyingine zinazoshika DNA, ambazo nazo zimeandikwa kwenye jeni zao. Ni mzunguko unaochosha kichwa, lakini ndivyo ulivyo.

"Anywe rozela, ale nyama, protini zitarekebika"

Protini ya chakula haiingii mwilini ikiwa nzima na kwenda kukaa mahali pa protini mbovu. Tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino, na seli huzitumia upya kwa maelekezo ya jeni zake. Valini ya maharage na valini inayosababisha selimundu ni kitu kilekile. Fundi ukimpa mbao safi na mchoro wenye kosa, atakutolea kabati safi lenye kosa lilelile.

Lishe bora ni muhimu kwa mgonjwa, sikatai. Lakini upungufu wake wa damu unatokana na chembe kuvunjika mapema, na madini ya chuma ya chembe hizo yanabaki mwilini, tena huongezeka kwa kila chupa ya damu anayoongezewa. Kumpa vidonge vya chuma bila kipimo kunaweza kumdhuru.

"Sehemu ya DNA isiyotafsiriwa ni takataka"

Jeni ya beta-globini ina herufi kama 1,600, na zinazotafsiriwa, ukijumlisha neno la kusimama, ni 444. Zilizobaki zipo pembeni, au katikati ya maelekezo yenyewe, na nakala ikishatoka vile vipande vya katikati hukatwa na ncha kuunganishwa. Ugunduzi huo wa mwaka 1977 uliwapa Phillip Sharp na Richard Roberts Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Na kwa kuwa jeni nyingi zinaweza kukatwa kwa namna zaidi ya moja, ile kanuni ya "jeni moja, protini moja" imebaki kuwa ya mtihani tu. Shika hili la vipande vya katikati, nitalirudia.

"Chanjo ya RNA inabadilisha vinasaba"

Kwa yaliyosemwa hapo juu, hii imekwisha kujijibu kwa sehemu kubwa. Chanjo ile inaleta nakala tu, RNA mjumbe, ambayo inasomwa na ribosomu nje ya kiini na kuvunjwavunjwa. Mbishi atauliza: mbona VVU ni RNA na inajipachika kwenye DNA? Swali zuri. VVU vinakuja na vimeng'enya vyao, kimoja cha kugeuza RNA kuwa DNA na kingine cha kuipachika. Chanjo haina hata kimoja.

"Siku hizi wanaisahihisha ile herufi"

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya selimundu inayoitwa Casgevy, na habari zikaenea kwamba jeni mbovu sasa inarekebishwa. Tiba hiyo, iliyotangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, haigusi jeni ya beta-globini hata kidogo. Seli za uboho hutolewa, hukatwa mahali pamoja kwenye jeni iitwayo BCL11A, ambayo protini yake ndiyo breki inayozima gama-globini baada ya kuzaliwa, kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa uboho wa zamani na kurudishiwa seli zake. Na mahali panapokatwa ni ndani ya kipande cha katikati, kimojawapo cha vile "takataka", kwa sababu humo ndimo ulimo mtambo wa kuwasha breki hiyo kwenye seli za damu.

Breki ikilegea, mtu mzima anaanza tena kutengeneza himoglobini ya mtoto wa tumboni. GTG ipo palepale. Uboho wake unaendelea kuinukuu na kuitafsiri, na kwa kuwa mbegu za uzazi hazikuguswa, mzazi wa SS aliyepona namna hii bado atampa S kila mtoto atakayemzaa.