Kisigino kinachouma asubuhi: mwiba kwenye eksirei si jibu

Unashuka kitandani, na hatua ya kwanza inachoma kisigino kama umekanyaga msumari. Ukizungukazunguka kidogo nyumbani, maumivu yanapungua. Jioni, baada ya kushinda umesimama kwenye sakafu ya saruji, yanarudi. Anayeeleza hivi ametoa nusu ya jibu kabla hata hajaguswa.

Kinachouma ni utando mgumu unaoanzia chini ya kisigino, upande wa ndani, na kwenda hadi kwenye vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa unyayo. Ukibebeshwa mzigo usiouzoea, kwa uzito wa mwili ulioongezeka, kazi mpya ya kusimama au mbio zilizoanzwa kwa pupa, pale unapojishikiza kwenye mfupa huanza kuuma.

Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hulitambua tatizo hili kwa mikono: hubonyeza sehemu hiyo ya ndani ya kisigino, kisha hukunja kidole kikubwa cha mguu kuelekea juu ili utando uvutike. Wengi huja na picha ya eksirei wakiwa wameshaambiwa "mfupa umeota". Mwiba huo, yaani kijimfupa kilichochomoza chini ya kisigino, huonekana pia kwa watu wasio na maumivu yoyote, na wapo wenye maumivu makali wasio nao. Mgonjwa asipoelezwa hili, huogopa kukanyaga, na mguu usiokanyagwa hudhoofika.

Vipimo zaidi vina maana maumivu yakianza ghafla baada ya kuanguka, kisigino kikiuma sana kinapobanwa kushoto na kulia (huenda mfupa una ufa), kukiwa na ganzi, homa, au maumivu yanayokuamsha usiku. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili, na mgongo wake hukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, achunguzwe ugonjwa wa baridi yabisi unaoshika uti wa mgongo. Mwenye kisukari asisubiri.

Tiba yenyewe ni mazoezi. Kabla ya kushuka kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili na uvute vidole kuelekea ugoko. Papasa unyayo kwa mkono mwingine: ukikuta kitu kimekaza kama kamba, umevuta sawasawa. Shikilia sekunde 10, rudia mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku.

La pili ni la nguvu. Simama kwenye kidato cha ngazi kwa mguu unaouma, ukijishikilia ukutani, taulo iliyoviringishwa ikiwa chini ya vidole ili vikunjike kwenda juu. Inua kisigino kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shusha kwa sekunde 3. Fanya mara 12, seti (mizunguko) 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya wiki 2 vaa begi lenye mchele na ufanye mara 10, seti 4. Wiki 2 nyingine zikipita, ongeza uzito tena, mara 8, seti 5. Mguu mmoja ukishindwa, anza na yote miwili.

Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa baada ya miezi 3 waliofanya zoezi hili la nguvu walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliovuta utando tu, ingawa mwaka ulipotimia makundi hayo yalikaribiana.

Kosa kubwa ni kupandisha na kushusha kwa haraka. La pili ni kuacha baada ya siku 10. Maumivu kiasi wakati wa zoezi hayadhuru, ila kesho yake asubuhi yakizidi, punguza mzigo. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa tu, na huweza kukata utando au kupunguza mafuta yanayokinga kisigino. Isiwe chaguo la kwanza. Ndani ya nyumba vaa viatu vyenye soli nene, si kandambili zilizolika.

Kila Jumatatu ipe alama hatua ya kwanza ya asubuhi, 0 hadi 10, na uandike. Miezi 3 ikipita alama hazijashuka, rudi na daftari hilo ukachunguzwe upya.