Kasoro za Fuwele na Aloi za Amofasi: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba aloi (metali iliyochanganywa na elementi nyingine) hupoteza mpangilio wa fuwele, ambamo atomu hukaa kwa safu zinazojirudia, na kuwa amofasi, isiyo na mpangilio huo, kwa njia moja tu, yaani kuyeyushwa kisha kupozwa ghafla. Chimbuko la dhana hiyo linaeleweka: mwaka 1960, katika taasisi ya Caltech nchini Marekani, Pol Duwez na wenzake walitangaza kioo cha metali, yaani aloi ya amofasi, kilichopatikana kwa kupoza aloi ya dhahabu na silikoni kwa kasi ya takriban nyuzi milioni moja kwa sekunde. Hata hivyo, mwaka 1983 Ricardo Schwarz na William Johnson walionyesha kwamba tabaka nyembamba za lanthani na dhahabu, zikipashwa moto wa wastani, hugeuka amofasi zikiwa bado yabisi.

Katika njia hiyo ya pili kasoro, yaani mahali ambapo mpangilio wa atomu katika fuwele umevurugika, huwa na kazi kubwa. Nikeli ikigusana na zirkoni yenye chembe nyingi za fuwele, tabaka la amofasi huota kati yao wakati wa kupashwa moto; zirkoni hiyo ikiwa fuwele moja isiyo na mipaka ya chembe, tabaka hilo hukwama kuanza. Mipakani atomu zimekaa shaghalabaghala tangu mwanzo, hivyo hali mpya hupata pa kuchipukia.

Wengine huvuka mpaka na kudai kwamba metali yoyote ikijazwa kasoro za kutosha itakuwa amofasi. Hili, kwa maoni yangu, ndilo kosa linalopotosha zaidi, kwa sababu linahesabu kasoro zinazozaliwa na kusahau zinazopona. Katika shaba safi iliyopigwa mionzi, atomu nyingi zilizong'olewa hurudi kwenye nafasi zilizoachwa wazi, na fuwele husalimika. Katika aloi ya nikeli na titani, ambamo kila elementi ina makao yake, atomu zilizobadilishana nafasi haziwezi kurejea kirahisi, na kwenye baridi ya kutosha miale ya elektroni huivunja fuwele yote.

Vinu vya nyuklia huonyesha tofauti hiyo ndani ya kipande kimoja. Katika aloi ya zirkoni inayofunika fueli, kwenye joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, vijichembe vya zirkoni, kromu na chuma hugeuka amofasi kwa kupigwa nyutroni, ilhali vile vya zirkoni, nikeli na chuma hubaki fuwele, sawa na zirkoni inayovizunguka. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 80, aina zote mbili za vijichembe hugeuka.