Namna volkano inavyochunguzwa kabla ya kulipuka: maelezo kutoka Mtwara

Jumapili ya tarehe 11 Novemba 2018, mnamo saa sita na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki, mawimbi ya mtetemo kutoka upande wa kisiwa cha Mayotte yalipita chini ya Mtwara na hakuna mtu aliyeyahisi. Yalisafiri chini ya bara zima la Afrika, yakanaswa na vinasa mitetemo nchini Kenya na Zambia, kisha yakaendelea hadi New Zealand na Hawaii, na kwa jumla yalidumu takriban dakika 20. Hayakutanguliwa na ule mshtuko wa ghafla tuliozoea kuuona kwenye tetemeko la kawaida. Yalikuwa mawimbi marefu, kila moja likichukua kati ya sekunde 15 na 17, yenye mpangilio uliolingana mno kiasi cha kuwashangaza hata wale ambao kazi yao ni kuyatazama mawimbi kila siku.

Sababu yake ilikuja kufahamika baadaye. Mfululizo wa mitetemeko ulikuwa umeanza karibu na Mayotte tarehe 10 Mei mwaka huo, na siku tano baadaye likatokea tetemeko la ukubwa wa takriban 5.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika funguvisiwa la Komoro. Mwezi Mei 2019, meli ya utafiti ya Ufaransa iitwayo Marion Dufresne ilipima sakafu ya bahari takriban kilomita 50 mashariki mwa kisiwa hicho, ikakuta mlima mpya wenye kimo cha mita 820 umesimama juu ya sakafu iliyo kwenye kina cha mita 3,500, mahali ambapo vipimo vya 2014 havikuonyesha mlima wowote. Leo unaitwa Fani Maoré. Mawimbi yale ya Novemba yanaelezwa kuwa mwitiko wa ghala kubwa la magma, yaani mwamba ulioyeyuka, lililokuwa likipungua chini ya ardhi na kutikisika kila mwamba unaolizunguka ulipovunjika.

Nimesomea jiofizikia, na ingawa riziki yangu hapa Mtwara inatokana na miamba yenye gesi, ni mitetemo ya volkano iliyonivuta kwenye taaluma hii tangu mwanzo. Mtwara na Lindi hazina volkano hai hata moja. Hata hivyo, Karthala, volkano yenye kimo cha mita 2,361 iliyoko Ngazija, kisiwa cha Komoro, uko chini ya kilomita 400 kutoka hapa, umbali ambao kwa mstari ulionyooka haupishani sana na ule wa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ilhali Oldoinyo Lengai, ambayo ndiyo volkano hai ya nchi yetu, iko umbali unaozidi kilomita 900. Wapo majirani zangu wenye ndugu Ngazija, na kila habari ya Karthala inapopita kwenye simu zao hunijia na swali lile lile, kwamba je, mlima unataka kulipuka?

Swali hilo halijibiki kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa leo. Kila volkano ina kawaida yake: Karthala hutoa mitetemeko midogo hata katika miezi ya utulivu, na Lengai imewahi kumwaga lava ndani ya kreta yake, yaani shimo la kileleni, kwa miaka mfululizo bila kijiji chochote kuhamishwa. Mitetemeko kumi kwa siku inaweza kuwa si habari kwenye mlima mmoja, na kwenye mlima mwingine uliokaa kimya kwa miaka mia moja ikawa sababu ya kumwamsha mkuu wa wilaya usiku wa manane. Mchunguzi wa volkano haulinganishi mlima wake na milima ya wengine. Anaulinganisha na wenyewe ulivyokuwa mwezi uliopita, mwaka uliopita na kabla ya mlipuko uliopita. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika wakati ambapo hakuna kinachotokea. Kituo cha uchunguzi cha Karthala kilianzishwa mwaka 1988, miaka kumi na moja baada ya lava ya mwaka 1977 kukifunika kijiji cha Singani, na thamani yake haipo tu katika vifaa kilivyonavyo leo, bali katika kumbukumbu za siku zote zile ambazo mlima haukufanya lolote. Niseme wazi kwamba vifaa vya bei ghali vinavyoletwa baada ya maafa, vikapigwa picha, kisha vikaachwa bila fundi wa kubadilisha betri, kwangu vina faida ndogo kuliko vinasa vinne vya kawaida vilivyofanya kazi miaka kumi bila kukatika.

Chombo cha kwanza ni kinasa mitetemo, nami nitakaa hapa zaidi kwa kuwa ndipo onyo la mapema hupatikana mara nyingi. Magma inapopanda haikuti njia iliyo wazi. Huubana mwamba mpaka upasuke, na kila mpasuko ni tetemeko dogo ambalo mara nyingi mtu aliyesimama juu yake hawezi kulihisi. Mitetemeko ya aina hii huanza kwa mshtuko mkali na kufifia haraka, na vinasa visivyopungua vinne vilivyozunguka mlima vinapolinganisha muda ambao mawimbi yamefika kwa kila kimoja, tunapata mahali na kina cha mpasuko. Ikiwa wiki hii mipasuko iko kilomita nane chini, wiki ijayo ikawa kilomita tano, na baada ya siku chache ikakaribia mbili, hatuhitaji kubahatisha kuhusu kinachopanda. Aina ya pili ni mitetemo ya mawimbi marefu, ambayo haitokani na mwamba kuvunjika peke yake, bali na gesi na vimiminika vinavyopenya kwenye nyufa na kuzifanya zitikisike. Aina ya tatu ni mtetemo usiokatika, mstari unaonenepa kwenye skrini na kubaki hivyo kwa saa au siku, ishara kwamba magma au gesi inatiririka mfululizo. Aina hizi zinapofuatana kwa mpangilio huo, huku nishati yake ikizidi kuongezeka siku hadi siku, wachunguzi wengi huanza kulala ofisini.

Hapa panahitajika tahadhari kwa sisi tunaoishi pwani ya kusini. Baharini mbele yetu upo Mgongo wa Davie, ukanda wa mipasuko ya kale ya gamba la dunia ambao bado hutoa matetemeko, na baadhi yake huhisiwa Mtwara na Lindi. Matetemeko hayo hayana uhusiano na magma ya Karthala. Tetemeko la mpasuko wa kawaida huwa na pigo moja kuu likifuatiwa na mapigo madogo yanayopungua kadiri siku zinavyokwenda, wakati mfululizo wa kivolkano huwa ni kundi la mitetemeko isiyo na kiongozi, inayoongezeka na kupungua bila mmoja wao kuwazidi wengine kwa mbali. Utaratibu huu una visa vinavyouvunja, lakini kama ardhi imetikisika mara moja usiku na asubuhi kumetulia, mtu wa Mikindani hana sababu ya kuitazama bahari akitafuta moshi.

Baada ya mitetemo hutazamwa umbo la mlima wenyewe. Ghala la magma likijaa, ardhi iliyo juu yake huinuka na kutanuka kwa viwango ambavyo jicho haliwezi kuona. Vituo vya GPS vilivyofungwa kwenye mwamba hupima msogeo wa milimita chache. Vipima mwinamo hupata mabadiliko madogo zaidi: ukichukua ubao wenye urefu wa kilomita moja ukainua ncha yake kwa milimita moja tu, mwinamo huo chombo hukiona, ingawa kwa bahati mbaya kinaona pia mvua kubwa, joto la mchana na kujaa na kupwa kwa bahari, hivyo nusu ya kazi ni kuyaondoa hayo kabla ya kuuamini mstari uliobaki. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyorushwa mwaka 2014, hulinganisha picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kwa tofauti ya siku 12 na kuonyesha ardhi iliposogea. Njia hii inafanya vizuri sana Lengai, ambako miteremko ni mitupu, na inasumbuka Karthala, ambako msitu kwenye miteremko huvuruga mwangwi wa rada. Na isidhaniwe kwamba volkano daima huvimba. Kule Mayotte kisiwa kilizama kwa zaidi ya sentimita 10 na kusogea kuelekea mashariki, kwa sababu magma ilikuwa ikihama kutoka kwenye ghala na kumwagikia baharini. Ugumu ulikuwa kwamba vituo vyote vya GPS vilikuwa nchi kavu, upande mmoja tu wa chanzo, na hali ilieleweka vizuri pale vinasa mitetemo viliposhushwa kwenye sakafu ya bahari mwanzoni mwa 2019 na kuonyesha kwamba mitetemeko mingi ilitoka kwenye kina cha kati ya kilomita 20 na 50.

Mfano wa nyumbani ni wa mwaka 2007. Mwezi Julai kaskazini mwa Tanzania ilitikiswa na mfululizo wa matetemeko, kubwa lake la ukubwa wa 5.9 likitokea tarehe 17 na kuhisiwa hadi Nairobi. Picha za rada zilionyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza kama ukuta mwembamba chini ya mlima Gelai, ambao haukuwa ukishukiwa kwa lolote, na ukuta huo haukufika juu. Kisha tarehe 4 Septemba mlipuko mkubwa ukatokea Lengai, jirani yake. Dalili zilikuwa mlima mmoja na moto ukawa mlima mwingine, na anayechunguza volkano moja tu katika eneo lenye kadhaa hawezi kukwepa mshangao wa namna hii.

Gesi ndiyo kipimo ninachokiona kigumu zaidi kukitafsiri. Magma inapokaribia juu, mgandamizo hupungua, na gesi zilizoyeyuka ndani yake hutoka. Kabonidayoksaidi hutangulia kwa kuwa hujitenga kwenye kina kirefu, na salfadayoksaidi hufuata magma inapokuwa karibu. Spektromita, chombo cha kuchambua mwanga, huelekezwa angani kupima ni kiasi gani cha mwanga wa urujuanimno kimemezwa na salfadayoksaidi, na kwa kuzidisha na kasi ya upepo tunapata tani kwa siku. Pinatubo nchini Ufilipino mwaka 1991 ilipanda kutoka takriban tani 500 kwa siku tarehe 13 Mei hadi zaidi ya 5,000 tarehe 28 Mei, kisha kiwango kikashuka ghafla. Mtu asiyejua angefurahi. Wachunguzi waliona kwamba njia ya gesi huenda imezibwa na mgandamizo unajengeka chini, watu wakahamishwa kwa makumi ya maelfu, na mlipuko mkuu ukatokea tarehe 15 Juni.

Hata hivyo zipo volkano ambazo hazitoi nafasi hiyo. Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilimwaga lava kuelekea mji wa Goma jioni ya tarehe 22 Mei 2021 bila dalili bayana katika siku zilizotangulia. Mitetemo iliyoonekana ilitangulia kwa muda usiofika saa moja. Magma yake ilikuwa tayari juu, katika ziwa la lava ndani ya kreta, hivyo haikuwa na mwamba mwingi wa kupasua. Ajabu ni kwamba dalili kali zilikuja baada ya lava kusimama: mitetemeko na nyufa mjini Goma zilionyesha magma ikipita chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, watu wengi wakahamishwa, na safari hiyo haikutoka juu. Simlaumu aliyetoa amri ya kuhama. Vipimo vile vile vingenifanya nitoe amri ile ile.

Kuna jambo la hapa kwetu linalostahili jibu fupi. Wapo wanaohofu kwamba visima vya gesi vya Msimbati au Songo Songo vinaweza kuamsha volkano. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani iliyotokana na mabaki ya viumbe yaliyozikwa kwenye mashapo kwa mamilioni ya miaka, na hakuna ghala la magma chini yake la kuamshwa.

Kinachoweza kutufikia kutoka Karthala ni majivu, na hapo kumbukumbu ya mwaka 2005 inafaa. Ndani ya kreta kulikuwa na maji, na magma ilipokutana nayo mwezi Aprili, na tena mwezi Novemba, mlima haukumwaga lava tulivu bali ulirusha majivu yaliyoangukia vijiji vingi na kuchafua matangi ya maji ya mvua ambayo watu wa Ngazija huyategemea. Kwa hiyo, Karthala ikianza kutoka nje ya kawaida yake wakati wa kusi, kitu cha kwanza nitakachotazama baada ya mitetemo ni upepo wa juu, kwa sababu kusi ya chini huvuma kuelekea upande wetu lakini safu ya majivu iliyopanda kilomita kumi inaweza kubebwa upande mwingine kabisa. Taarifa za majivu kwa ajili ya ndege katika anga yetu hutolewa na kituo cha Toulouse nchini Ufaransa, nazo husomeka na mtu yeyote. Zikionyesha wingu linaelekea magharibi, anayevuna maji kwenye bati la nyumba yake Lindi au Mtwara aondoe bomba la kuingizia maji, afunike tangi, na asilirudishe bomba mpaka bati lioshwe kwa maji ya mvua ya kwanza na maji hayo yamwagwe.