Kifani cha nini?

Limenifikia jingine: pendekezo la utafiti kuhusu mikopo ya vikundi vya akina mama, na mwisho wa kichwa, kama ada, "Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Chamwino". Uchunguzi kifani (case study) ni kuchunguza kwa kina kitu kimoja kama mfano wa jambo pana zaidi. Nikaruka hadi sura ya tatu. Dodoso moja, watu 98 kwa fomula ya Yamane (ile ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, ambayo ukiruhusu kosa la asilimia 10 haivuki watu 100 hata uipe Tanzania nzima), asilimia, grafu. Hiyo ni sarvei. Ni halali, wala haina aibu. Chamwino ni mahali uliposhukia basi.

Nikiuliza, "Kifani cha nini?" najibiwa, "Cha Chamwino, Dokta." Nikirudia swali, naangaliwa kama mzee aliyeanza kusahau.

Haya, twende Kongwa, huko huko Dodoma. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakauacha 1951: mvua haba, mashine zikiharibika kwenye vichaka, udongo ukikauka hadi karanga hazing'oki. Mwanzo upo, mwisho upo, nyaraka zipo. Hata hivyo hujapata kifani bado. Ukisema ni kifani cha serikali kukurupukia mradi mkubwa kabla ya majaribio, utashinda kwenye mafaili ya London. Ukisema ni cha kilimo cha mashine katika nchi kame, utataka takwimu za mvua na mtu wa udongo. Ukisema ni cha kazi ya kibarua, utatafuta orodha za mishahara. Kongwa ni ile ile, tafiti ni tatu, na karibu hazina hata ukurasa wa pamoja.

Kuhusu lile pingamizi la kwamba "kimoja hakiwakilishi wengi": hujumlishi kwenda kwa watu, unajumlisha kwenda kwenye nadharia. Robert Yin alishalisema mwaka 1984, katika kitabu chake cha uchunguzi kifani. Tuendelee.

Kinachonisumbua mimi ni mipaka ya kifani. Vitabu vinataka uichore kabla ya kwenda uwandani. Kwa vipi? Mpango ule ule ulikuwa pia Urambo na Nachingwea, na bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili yake. Ukiishia Kongwa, umekata kwa kisu gani? Nimesoma tasnifu nzuri ambazo mpaka wake, ukikagua vizuri, ulichorwa data zikiwa zimesharudi, kisha sura ya tatu ikaandikwa kana kwamba ulikuwepo tangu mwanzo. Nimezipitisha. Ni wapi hasa kuchelewa huko kunageuka kuwa udanganyifu, sijui, na wenzangu niliowauliza kila mmoja ana jibu lake.