Digrii haijakufanya injinia

Mtaani ukimaliza digrii tu, kila mtu anakuita "injinia". Na ukisema uko kwenye uanagenzi, yaani unajifunza kazi chini ya mjuzi, wanakuonea huruma: kumbe ulifeli? Hapana. Kwa Tanzania, mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu, anahitaji takriban miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, akijaza kitabu cha kazi ambacho msimamizi wake anakikagua na kutia saini. Kwa hiyo uanagenzi si wa mafundi wa vyuo vya ufundi vya VETA peke yao.

Mimi nilifanyia kwenye kiwanda kikubwa kando ya Barabara ya Nyerere. Wiki ya kwanza pampu ilikuwa inaunguruma, nikakimbilia michoro. Mzee mmoja fundi, ambaye digrii hana, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini akauweka sikioni. "Beringi hiyo, mwanangu. Sikiliza." Nikasikiliza: kama mchanga unasagwa. Tulipoifungua, golori zilikuwa zimechimbika.

Wanasema mwanagenzi kazi yake ni kuchemsha chai. Nilichemsha pia, sikatai. Ila kitabuni nilijaza beringi.